Soko Chini ya Ploti ya Ngigi

Kilichomsumbua Everline Ondiek asubuhi ile ni kwamba udongo haukuwa na takataka.

Alikuwa amechuchumaa kando ya lundo lililotolewa shimoni, katika ploti moja kwenye mteremko unaoshuka kutoka Njiru hadi Mto Ngong, akivunja mabonge kwa vidole. Shimo lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka hapo, na kina chake kingeweza kuwameza watu wawili, mmoja akiwa amesimama mabegani mwa mwingine. Ndani yake kibarua mmoja, Owuor, alikuwa akichimba. Juu yake vijana wawili walivuta ndoo kwa kamba. Kuta zilisimama wima bila ubao hata mmoja wa kuzizuia.

Everline ndiye aliyekubali mbao zisiwekwe. Yeye ndiye mchoraji wa tangi la maji taka lililokusudiwa kukaa ndani ya shimo lile, na neno lake ndilo lililofuatwa. Alikubali kwa sababu aliambiwa kwamba zamani mahali pale palikuwa soko, na ardhi ya soko, iliyokanyagwa na miguu ya watu miaka nenda miaka rudi, hushikana kama sakafu.

Lakini soko huacha alama. Huacha vizibo vya soda, makaa, miiba ya samaki, vipande vya sandali na nailoni isiyooza. Lundo lile lilikuwa na kokoto za machimbo ya mawe, kisha udongo mweusi unaonata, kisha udongo wa kijivu wenye madoa mekundu kama kutu. Alipofika kwenye udongo wa kijivu aliacha kuvunja mabonge.

Katika kazi yake, rangi ile ina maana moja. Udongo unaopumua huwa mwekundu au kahawia. Ule unaokaa chini ya maji kwa miezi hugeuka kijivu, na pale maji yanapopanda na kushuka huacha madoa ya kutu. Udongo wa namna hiyo unaweza kuwa mkavu Februari na bado ukakwambia mahali maji yatakapokuwa Aprili. Na sasa ilikuwa Aprili. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilikuwa imenyesha jana yake.

Aliinama ukingoni. "Owuor, ukuta wa upande wa juu ukoje?"

"Uko tu, injinia. Haujaenda mahali."

"Uguse."

Sururu ilinyamaza. "Una jasho kidogo."

"Jasho namna gani?"

"Kama langu. Lakini huu haujafanya kazi tangu asubuhi."

Vijana wa kamba walicheka. Everline aliinuka, akapanda kumtafuta msimamizi.

*

Everline ana miaka arobaini na moja. Alizaliwa Mbotela, katika nyumba za kaunsili karibu na Barabara ya Jogoo, ambako baba yake, mfanyakazi wa reli, alipata chumba kabla hajaoa. Choo kilikuwa cha safu nzima. Mtaro ulipoziba, watu wa mlango wa mwisho ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele, na msichana yule aligundua mapema kwamba haikuwa kwa sababu walikuwa wakorofi kuliko wengine. Ni kwa sababu walikaa chini. Uchafu wa kila mtu ulipitia kwao.

Alisomea ujenzi katika chuo cha ufundi, akaajiriwa na mwanakandarasi wa barabara, akaacha. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa anachora mifumo ya maji taka kwa ploti ambazo bomba kuu la jiji halijafika. Watu wa mjengo humwita injinia wa choo, naye hajawahi kuwasahihisha.

Kazi hiyo ni rahisi kuieleza. Tangi hushika uchafu mzito. Maji yanayobaki hutiririka hadi kwenye udongo, na udongo ndio unaoyasafisha, mradi uwe mkavu na mnene vya kutosha kabla maji hayo hayajakutana na maji ya ardhini. Kwenye mteremko, unachomwaga juu kinaweza kutokea kwenye ua wa jirani wa chini. Na maji ya ardhini yakiwa karibu na uso, hakuna udongo mkavu wa kufanya kazi hiyo. Tangi tupu nalo linaweza kuinuliwa na maji kama ndoo tupu iliyosukumwa ndani ya pipa la maji, likavunja mabomba yake.

Kwa hiyo Everline huchimba shimo dogo la majaribio na kuliacha lilale. Huangalia kama maji yameingia. Huuliza majirani mvua kubwa ya mwisho ilifika wapi.

Katika ploti hii alifanya yote hayo, lakini si kwa mikono yake mwenyewe yote. Shimo la majaribio lilichimbwa kiangazi, mahali palipo juu kidogo, kwa kuwa pa chini palikuwa na rundo la mawe ya ujenzi. Lilikaa kavu. Majirani waliulizwa na Wachira, msimamizi wa mjengo, mwanamume mwembamba aliyevaa kofia ya pamba hata juani. Alirudi na jibu kutoka kwa bibi kizee wa nyumba ya mabati iliyo ng'ambo ya uzio, Mama Adoyo, aliyeishi mteremkoni tangu mumewe akipasua mawe katika machimbo, kabla ardhi haijakatwa ploti.

"Anasema hapo ilikuwa soko," Wachira alimwambia. "Asubuhi na jioni wamama wamejaa hapo. Halafu watu wa kuuza ploti wakaja na lori za kifusi, wakafunika."

Everline aliandaa mchoro wake juu ya maneno hayo.

*

Sasa alimkuta Wachira akielekeza mafundi waliokuwa wakijenga ukuta wa nyumba, juu kabisa ya ploti.

"Mtoe Owuor shimoni."

"Kuna nini, madam?"

"Ukuta unatoa maji. Na udongo si wa soko. Nataka kuzungumza na yule mama kabla mtu hajapiga sururu nyingine."

Wachira alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Ruai. "Mzee Ngigi anakuja kuona ploti yake saa hizi. Akikuta shimo halina mtu, atauliza ni mimi nililala."

"Mwambie ni mimi nililala."

"Hiyo shimo imesimama siku ngapi? Ukuta ni kama simiti. Si wewe ulisema hatuhitaji mbao?"

"Nilisema. Sasa nasema mtoe."

"Sawa, madam. Nitamtoa."

Aliyasema hayo kama mtu anayekubali kupunguza redio. Everline alisubiri hadi alipomwona akianza kuteremka kuelekea shimoni, kisha akapita kwenye pengo la uzio.

Mama Adoyo alikuwa ameketi mlangoni juu ya jerikeni iliyolazwa, akichambua sukuma wiki.

"Oyawore, dana," Everline alimsalimu kwa Dholuo, akimwita bibi.

Uso wa kizee ulifunguka, naye akamwita binti. "Oyawore ahinya, nyara! Kumbe wewe ni wa kwetu? Huyo mwenye kofia hakusema."

Everline alikaa chini karibu naye. Dholuo chake ni cha mtoto wa Mbotela. Shuleni walisema Kiingereza, kwenye bomba la maji walisema Kiswahili, na lugha ya mama ilibaki ya kukaripiwa na ya kuombewa. Alirudi kwenye Kiswahili.

"Dana, lile soko la pale chini, watu walikuwa wakiuza nini?"

Mama Adoyo aliacha jani moja mkononi. "Kuuza?"

"Kwenye soko."

"Nani atauza hiyo? Ilikuwa ya Mungu." Alicheka kwa meno machache yaliyobaki. "Unakuja na ndoo yako, unateka, unaenda. Hata kiangazi haikuwa inakauka. Watoto wangu wote nimeogesha na hiyo."

Everline hakusikia vizuri yaliyofuata. Neno lilikuwa lilelile, herufi kwa herufi. Kwa Kiswahili soko ni mahali pa kuuza na kununua. Kwa Dholuo soko ni kisima, ni chemchemi. Alilijua tangu utotoni. Mama yake alilitumia kila Desemba walipokwenda nyumbani, akimtuma kuteka maji. Lakini lilimfikia ploti hii likitoka kinywani mwa Wachira, mtu wa Murang'a asiyejua Dholuo, katikati ya sentensi ya Kiswahili, na hakuwa na sababu ya kulitafuta katika ile lugha nyingine. Wachira hakudanganya. Mama Adoyo hakudanganya. Asubuhi na jioni wamama walikuwa wamejaa pale kweli.

Na lori za kifusi zilimwagwa juu ya jicho la maji. Maji hayakwenda mahali. Yalikaa nyuma ya ule ukuta.

Aligeuka kutazama kupitia pengo la uzio. Wachira alikuwa amesimama kando ya shimo, mikono kiunoni. Vijana wawili walikuwa wakivuta kamba. Ndoo ilitokea imejaa, ikamwagwa, ikashushwa tena.

*

Mteremko ulikuwa umelowa. Everline alianguka mara moja, akainuka akiwa na tope hadi magotini.

"Mtoe! Wachira, mtoe!"

"Ndoo mbili tu, madam, tumalize kona!"

"Ni soko! Pale ni soko!"

Wachira aliwatazama vijana wa kamba akitikisa kichwa. "Tunajua ni soko. Si ndiyo wimbo wetu tangu tuanze?" Mmoja wao akaongeza, "Leo kuna mitumba, injinia?"

Alifika ukingoni. Owuor alikuwa ameinama kwenye kona ya chini, mgongo wake ukielekea ukuta wenye jasho. Jasho lilikuwa limekuwa mistari. Chini kabisa ya ukuta, mahali udongo mweusi ulipokutana na wa kijivu, palikuwa na uvimbe mpana, umetokeza kama tumbo la mtu aliyeshiba. Owuor hakuuona.

"Ngazi iko wapi?"

"Mafundi wameichukua," Wachira alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Wanairudisha."

Everline alipiga magoti.

"Owuor! Wuog oko! Ma en soko! Soko mar pi!"

Toka nje, hiki ni kisima, kisima cha maji. Hakuwa amepanga kuyasema kwa lugha hiyo. Wachira hakuelewa neno. Lakini Owuor alielewa yote kwa pamoja. Yeye pia alikuwa amelisikia neno soko siku zote hizo, na yeye pia alikuwa amelifanyia mzaha, akisema anatafuta shilingi iliyoanguka kutoka mfukoni mwa mama mboga. Sasa lilimfikia kwa namna nyingine. Alikulia Alego, kijijini kwa Waluo. Anajua kisima hukaa wapi kwenye mteremko.

Hakuuliza. Aliitupa sururu, akageuka, akaona uvimbe. Akaingiza mguu mmoja kwenye ndoo na kuikumbatia kamba.

"Vuteni," alisema. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Vijana walivuta. Ndoo haikuwa imekusudiwa kubeba mtu mzima. Kishikio chake kilipinda, kikang'oka upande mmoja, Owuor akaning'inia kwa kamba peke yake. Wachira alijirusha chini kwa tumbo, akamshika kwapa. Everline alishika mshipi wa suruali. Udongo wa ukingo ulianza kumeguka chini ya kifua cha Wachira.

"Rudi nyuma! Rudi nyuma na yeye!" Everline alipiga kelele.

Walirudi nyuma wote kama mzigo mmoja, wakaanguka juu ya lundo.

Ukuta haukulipuka. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka anayeketi. Upande wote wa juu uliteleza hadi chini ya shimo, ukalijaza nusu yake, ukafunika kona alimokuwa Owuor na sururu yake. Kisha pakawa kimya, na katika kimya hicho wakasikia maji. Yalitoka kwenye tundu lisilozidi kichwa cha mtoto. Kwanza yalikuwa ya tope. Baada ya muda yakawa safi kabisa.

Owuor alikuwa amekaa akitazama mikono yake, ambayo kamba ilikuwa imeichuna. Alisema kitu kimoja tu.

"Kumbe hiyo soko."

*

Ngigi, mwenye ploti, alifika akiwa na mwavuli na viatu vya kanisani. Alifanya biashara ya mabati na misumari kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujenga nyumba za kupangisha, na si mtu wa kupiga kelele. Alisimama ukingoni, mbali kidogo.

"Ngai!" alisema, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Kisha, "Nani alikuwa ndani?"

"Mimi, mzee," Owuor alisema.

Ngigi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akavua kofia, akaivaa tena. Alimgeukia Everline.

"Haya maji ni ya mvua. Leteni pampu, tuyatoe, tuendelee na mbao."

"Si ya mvua, mzee. Ni chemchemi. Pampu itayatoa leo, na kesho yatakuwa hapo. Ukiweka tangi lako humo litaelea. Na likipasuka, uchafu wa nyumba nzima utaingia kwenye maji haya na kutokea kwa watu wa chini, wanaochota visimani."

"Nimemiliki shamba hii miaka mingapi? Sijaona hata tone."

"Yalifunikwa kabla hujaonyeshwa."

"Na wewe? Ulilipwa kuonyeshwa."

Everline alifuta tope usoni kwa kiganja, akaliongeza. "Ndiyo. Nilisikia soko, nikaandika soko. Mchoro ule ufutwe. Hautatumika."

Wachira alikohoa. "Mzee, na mimi aliniambia nimtoe jamaa. Sikumtoa."

Ngigi aliinama kuyatazama maji. Kwa upande wa uzio Mama Adoyo alikuwa amefika, jerikeni mkononi, akishikilia nguzo ili asiteleze. Aliyaangalia maji kama mtu anayemtambua jirani aliyehama.

"Unataka nini?" Ngigi alimuuliza Everline hatimaye.

Alimwambia. Tangi fupi na pana, karibu na nyumba, juu ambako udongo ni wa kahawia, likiwa na sakafu nzito ya zege ili lisiinuliwe. Juu ya nyumba, mtaro wa kukinga maji ya mteremko na kuyapeleka kando. Maji ya tangi yasishuke moja kwa moja, bali yatandazwe kukata mteremko, ndani ya tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi, kwa kuwa chini hakuna udongo mkavu wa kutosha. Tuta hilo lingechukua nafasi ya vyumba vya mwisho. Na chemchemi ijengewe bomba, ibaki wazi.

"Vyumba vyangu," Ngigi alisema.

"Ndiyo."

"Na nikisema hapana?"

"Utatafuta mchoraji mwingine. Lakini nitamwambia yeye pia alichoniambia huyu mama."

Mvua ilianza. Ngigi alifungua mwavuli wake, akasita, kisha akausogeza umfunike Owuor, aliyekuwa karibu naye zaidi kuliko wengine. "Fanya hivyo," alisema.

*

Shimo la pili lilichimbwa mvua zilipopumzika kidogo. Ni fupi. Mtu akisimama ndani, mabega yake yako nje. Hata hivyo lina mbao pande zote nne, na ngazi yake imefungwa kwa waya kwenye kigingi ili fundi yeyote asiichukue.

Owuor alirudi kazini, jambo ambalo Everline hakulitarajia, lakini alirudi na sharti.

"Ingia wewe kwanza, nyaminwa," alimwambia asubuhi ya kwanza. Hakusema injinia. Alimwita dada. "Ukitoka ukiwa mzima, naingia."

Tangu hapo Everline huingia kwanza. Huvaa gambuti, hushuka ngazi, huondoa ubao mmoja wa upande wa juu na kukandamiza udongo kwa kidole gumba, chini, katikati, juu. Wachira husimama ukingoni akishika ngazi kwa mikono miwili ingawa imefungwa. Ng'ambo ya uzio wanawake wawili watatu hupanga jerikeni mahali maji yanapotokea, na Mama Adoyo, aliyejipa kazi ya msimamizi, huwagombeza wasisukumane.

Asubuhi moja Owuor alikuwa akingoja juu, sururu mpya begani.

"Sasa leo ni soko gani hiyo, nyaminwa? Ya nyanya au ya maji?"

Vijana wa kamba walicheka. Wachira pia alicheka, kidogo.

Kidole cha Everline kilikuwa bado kwenye udongo. Alikitoa, akakiangalia mwangani, akakisugua kwa kidole cha pili, akaangalia tena. Kisha akakandamiza mahali pengine, na wote juu wakainama kutazama.

"Kavu," alisema, akaanza kupanda ngazi. "Shuka. Lakini usiupe mgongo ukuta wa juu."